Chumba cha wavutaji hakimkingi mtoto: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, wabunge na madiwani

Waheshimiwa,

Tunawaandikia tukiwa watu wa kazi hii: wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, maafisa afya wa kata na mafundi wa mifumo ya hewa majengoni. Ombi letu ni moja. Ile ruhusa ya kutenga sehemu ya wavutaji ndani ya majengo ya umma ifutwe kwenye sheria, na anayetaka kuvuta atoke nje, mbali na mlango. Mengine tutakayoeleza ni sababu za ombi hilo, pamoja na kazi inayoweza kuanza hata kabla Bunge halijakaa.

Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 haikuwa sheria mbaya. Ilikataza kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 18 na ikabana uvutaji mahali pa umma, mwaka uleule ambao Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku ulipitishwa Geneva. Kasoro yake ni kuamini kwamba moshi unaweza kupangiwa chumba ukatulia humo. Tanzania iliridhia mkataba huo Aprili 2007. Julai mwaka huohuo nchi wanachama zilikutana Bangkok na kupitisha miongozo ya Ibara ya 8 (ile ya kuwakinga watu na moshi wa tumbaku), inayosema bila kigugumizi kwamba vyumba vya wavutaji, mashine za kuchuja hewa na feni za kutoa moshi havitoi kinga, na kwamba kila nchi ijitahidi kuwakinga watu wote ndani ya miaka 5 tangu mkataba uanze kuibana. Kwetu miaka hiyo ilitimia 2012. Deni hilo sasa limepita muongo mzima.

Tuanze na mwili wa mtoto, maana vikaoni moshi wa sigara hujadiliwa kama suala la harufu na adabu. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia, mara 12 hadi 20. Kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto anaingiza hewa nyingi kuliko baba yake aliyekaa naye sebule moja. Na njia zake ni nyembamba. Njia ya hewa yenye upana wa milimita 4 ikivimba milimita 1 pande zote, inabaki milimita 2, na nafasi ya kupitisha hewa imepungua kwa robo tatu. Uvimbe huohuo kwenye njia ya milimita 8 unaondoa chini ya nusu. Ndiyo maana baba anakohoa kidogo na kuendelea na shughuli zake, wakati mtoto mbavu zinaingia ndani kwa kila pumzi na anakimbizwa hospitali usiku.

Sikio nalo lina hesabu yake. Mrija unaounganisha koo na sikio la kati, kwa mtoto mdogo, ni mfupi na umelala karibu sambamba na ardhi. Moshi unauvimbisha utando wake, majimaji yanashindwa kushuka, yanageuka usaha. Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara hupewa dawa, anapona, anarudi tena baada ya wiki chache, na ni mara chache mtu kuuliza nani anavuta nyumbani. Orodha haiishii hapo: nimonia, pumu inayozidi makali, mapafu yanayokua pungufu, kifo cha ghafla cha mtoto mchanga usingizini. Mjamzito anayeishi kwenye moshi yuko katika hatari zaidi ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2011, ukitumia takwimu za mwaka 2004, ulikadiria kuwa moshi wa sigara za watu wengine uliua watu 603,000 duniani kwa mwaka mmoja. Kati yao 165,000 walikuwa watoto, wengi kwa magonjwa ya njia ya hewa, na wengi wao katika Afrika na Asia ya Kusini.

Watu hudhani kichungi cha sigara kinamsaidia na aliye pembeni. Hakimsaidii. Sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani, karibu asilimia 85, haipiti kwenye kichungi wala kwenye mapafu ya mvutaji. Inatoka kwenye ncha inayoungua wakati sigara imeshikwa kidoleni au imelazwa kwenye kisahani cha majivu. Hapo tumbaku inaungua kwa joto la chini kuliko wakati wa kuvutwa, kwa hiyo inaungua vibaya, na kwa kila gramu moshi huo una kaboni monoksaidi, amonia na nitrosamini (kemikali zinazosababisha saratani) nyingi kuliko ule anaoumeza mvutaji mwenyewe. Anayekaa jirani anapata ule mbaya zaidi, bila kichungi.

Sasa tupige hesabu ya chumba. Sigara moja hutoa takriban miligramu 10 za chembe laini, zile zenye kipenyo cha chini ya mikroni 2.5, ambazo zinafika hadi ndani kabisa ya mapafu. Chukueni chumba cha kupanga cha kawaida: mita 3 kwa mita 3, urefu wa mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 22.5. Gawanyeni miligramu 10 kwa ujazo huo mnapata mikrogramu kama 440 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni mikrogramu 15 kwa wastani wa saa 24. Chumba kikifungwa usiku kwa kuogopa mbu na wezi, hewa yake ikabadilika mara moja tu kwa saa, baada ya saa moja zinabaki kama 160, baada ya saa mbili 60, na baada ya saa tatu bado ziko juu ya 20. Hiyo ni sigara moja. Baba aliyevuta saa tatu usiku, moshi wake upo chumbani saa sita. Kwenye gari dogo lenye mita za ujazo kama 3, vioo vikiwa juu, sigara ileile inafikisha zaidi ya 3,000.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoua hoja ya chumba cha wavutaji chenye feni nzuri. Sigara inayowaka kwa dakika 10 ikifuatiwa na nyingine inatoa miligramu 60 kwa saa. Ili hewa ibaki kwenye mikrogramu 15, inabidi kuingiza mita za ujazo 4,000 za hewa safi kila saa kwa ajili ya sigara hiyo moja. Kwa chumba chetu cha mita 22.5, hewa yote ingebadilishwa karibu mara tatu kila dakika. Hapo si chumba tena, ni upepo wa dhoruba, na bado hatujamweka mvutaji wa pili.

Tumekagua vyumba hivi na tunajua vinavyoharibika. Mara nyingi ni kona iliyotengwa kwa kioo au mbao, na juu pako wazi. Ukuta ukifika darini, dari yenyewe ni ya ubao mwembamba wenye matundu ya taa, na nafasi iliyo juu yake ni moja kwa ukumbi mzima: moshi unapanda moto, unasafiri juu ya vichwa vya watu, unashuka upande wa pili ukiwa umepoa. Mlango ukifunguliwa unasukuma hewa kutoka na kuingia, na anayepita anaiburuta nyingine nyuma yake. Ili moshi usitoke, chumba kinapaswa kuwa na mgandamizo mdogo wa hewa kuliko ukumbi, mlango unaojifunga wenyewe, na bomba la kutolea hewa linaloishia nje, mbali na dirisha la mtu. Umeme ukikatika, au mwenye baa akiizima feni kupunguza bili, mfumo wote umekufa.

Kiyoyozi cha ukutani kimewadanganya wengi. Kile kiyoyozi chenye sehemu mbili, moja ndani na nyingine nje, hakiingizi hewa ya nje hata kidogo. Mabomba yanayopita ukutani ni ya gesi ya kupoozea na ya maji. Hewa ya chumba inafyonzwa, inapoozwa, inarudishwa ileile. Pangaboi linachanganya tu, linahakikisha kila meza imepata fungu lake. Mashine za kuchuja zinaweza kunasa chembe, ila gesi zinapita. Chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kilichoundwa na watu wanaoishi kwa mifumo hiyo, kilitamka mwaka 2005 kwamba njia pekee ya kuondoa hatari ndani ya jengo ni kutovuta humo.

Na mtoto anafikaje huko? Anafika kila Jumapili. Nyama choma, chipsi kuku, sherehe ya kipaimara, maulidi, ukumbi wa harusi, baa ya jirani yenye bembea uani. Wengine wanafika kabla ya kuzaliwa: mhudumu mjamzito anayebeba trei kuingia chumba cha wavutaji mara ishirini kwa zamu hana pa kukimbilia, na sheria haikumtaja.

Nje ya mipaka yetu hakuna haja ya kwenda mbali. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015 iliyoanza kutumika Mei 2016, ilifuta kabisa sehemu za wavutaji katika maeneo ya umma, ya kazi na vyombo vya usafiri, ikaongeza mita 50 kuzunguka maeneo hayo. Kampuni ya sigara ilikwenda Mahakama ya Katiba, ikashindwa mwaka 2019. Mauritius imekataza kuvuta ndani ya gari binafsi lenye abiria tangu kanuni zake za 2008. Afrika Kusini imekataza kuvuta ndani ya gari lenye mtoto wa chini ya miaka 12.

Faida kwa watoto imepimwa. Scotland ilifunga uvutaji ndani ya maeneo ya umma Machi 2006. Kabla ya hapo watoto waliolazwa kwa pumu walikuwa wakiongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 kila mwaka. Baada ya hapo wakapungua kwa asilimia 18 kwa mwaka. England ilipofuata Julai 2007, mwaka wa kwanza ulishusha idadi hiyo kwa asilimia 12. Hofu iliyotolewa kila mahali, kwamba wavutaji wangehamia nyumbani na kuwafukizia watoto, haikutimia: familia nyingi zilianza kukataza sigara hadi sebuleni, kwa kuwa watu walishazoea kutoka nje.

Lakini nyumbani ndiko mtoto wetu anakolala, na hapo sheria ya maeneo ya umma haimfikii moja kwa moja. Nyumba nyingi za kupanga, ukuta unaotenganisha chumba na chumba unaishia usawa wa kenchi. Kama hakuna dari, juu pako wazi kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, chini ya bati moja. Mpangaji wa chumba cha tatu akivuta kitandani, mtoto wa chumba cha pili anavuta naye, hata kama kwao hakuna anayegusa sigara. Ubaraza ambako wapangaji wanakaa jioni una madirisha yanayofunguka juu ya vichwa vyao. Moshi ukiisha machoni, masalia yake yanabaki kwenye chandarua, godoro, khanga na mapazia; nikotini iliyoganda hapo inaungana na gesi nyingine za chumbani na kutengeneza nitrosamini, na mtoto anayetambaa anashika, kisha anaweka kidole mdomoni. Kufungua dirisha kesho yake asubuhi hakuondoi kilichoganda.

Hapa tunaomba mambo mawili yasiyohitaji Bunge. La kwanza ni kwa halmashauri: serikali za mitaa ziandae mkataba wa kupanga wa mfano wenye sharti la kutovuta chumbani, kwenye korido na kwenye ubaraza, na mwenyekiti wa mtaa awe na nguvu ya kusuluhisha kabla ugomvi haujafika polisi. Sehemu ya kuvutia iwekwe mwisho wa ua, hatua kumi au zaidi kutoka dirisha lolote, na kopo la mchanga la kuzimia. Gharama yake ni kopo na mchanga.

La pili ni kwa Waziri. Mtoto wa Kitanzania anafika kliniki ya chanjo akizaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Ni mara sita ambazo mama yuko mbele ya muuguzi, na kadi iko mezani. Toeni waraka maswali matatu yaingie kwenye utaratibu huo: Nani anavuta nyumbani au kwenye nyumba hiyo? Anavutia wapi? Mtoto analala na nani? Swali la "je, unavuta?" halitoshi, mama atajibu hapana, na kweli havuti. Jibu la kwanza likiwa "baba" au "mjomba", muuguzi aeleze mambo machache yanayofanyika leo. Avutie nje kabisa, mlangoni hapatoshi. Akimaliza akae dakika kadhaa nje kabla ya kumbeba mtoto, maana pumzi zake za mwanzo bado zinatoa moshi. Anawe mikono, abadili shati. Asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Na aelekezwe mahali pa kupata msaada wa kuacha, kwa sababu hayo mengine yote ni ya kupunguza tu. Dawa za kubadili nikotini, bigijii na plasta, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Zifikishwe hadi vituo vya afya, si hospitali za rufaa peke yake.

Tunawaomba pia wauguzi wasimgombeze mama. Mama wa chumba kimoja, asiye na kauli juu ya sigara ya mumewe wala ya mpangaji mwenzake, akifokewa kliniki atajifunza kudanganya, na kadi itajaa "hapana".

Kuna hoja inayorudi kila tunapozungumza: jiko la mkaa na kuni ni baya zaidi, kwa nini mhangaike na sigara? Kweli moshi wa kuni unaua watoto, na unastahili barua yake. Ila mapafu ya mtoto hayafungui daftari mbili, yanajumlisha. Tofauti ni kwamba familia haiwezi kuacha kupika kesho, wakati sigara inaweza kuhamishwa nje leo. Hoja hii ina umuhimu kwa wapimaji. Kipima chembe cha bei nafuu kinachotumia mwanga hakijui kama chembe imetoka kwenye sigara au kwenye mkaa. Afisa akipima baa saa mbili usiku, jiko la nyama likiwaka mlangoni, mwenye baa atamwambia huo ni moshi wa mbuzi, na afisa hatakuwa na jibu. Apime nje kwanza dakika 10, kisha ndani dakika 30, kabla jiko halijawashwa na tena baada ya wavutaji kuanza. Penye ubishi mkubwa, kitundikwe kijichujio chenye dawa ya sodiamu baisalfeti kwa siku 7. Hicho kinanasa nikotini, na mbuzi hana nikotini.

Kuhusu uchumi tutasema kidogo. Tumbaku ya Tabora, Urambo, Kaliua na Chunya kwa sehemu kubwa inauzwa nje. Bei ya mkulima haipangwi na kona ya baa ya Sinza. Na wavutaji wenyewe ni wachache: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 8.7 ya watu wazima. Wengine wote, na watoto wao, wanavuta bila kuchagua.

Utekelezaji ndipo sheria nyingi zinapofia, na hii ya 2003 ni shahidi. Mgambo mmoja hawezi kukimbizana na kila sigara. Mzigo uwekwe kwa mwenye eneo: abandike tangazo mlangoni, aondoe visahani vya majivu, amwombe mvutaji atoke, akikataa asihudumiwe. Faini ya mwenye eneo iwe kubwa kuliko ya mvutaji, na ya mara ya pili iguse leseni. Halmashauri ndizo zinazotoa leseni za biashara na za vileo, kwa hiyo sharti hili linaweza kuingia kwenye fomu ya mwaka ujao wa fedha. Afisa afya anapokwenda kukagua vyoo na jikoni, aangalie na visahani vya majivu. Kukuta kisahani mezani ni ushahidi wa kutosha. Hana haja ya kumvizia mtu akiwasha.

Jambo la mwisho la kiufundi ni maana ya "ndani". Baa zetu nyingi ni paa la makuti na kuta za nusu, na wanasheria watasema hapo ni nje. Miongozo ya Bangkok inashauri ihesabiwe ndani sehemu yoyote yenye paa au iliyozungukwa na ukuta mmoja au zaidi. Msipoliweka hilo, kila baa itabomoa ukuta mmoja na kuendelea. Zanzibar, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, itahitaji kifungu chake yenyewe, lakini maneno yanaweza kufanana.

Ili uandishi usiwe sababu ya kuchelewa, maneno ya kuanzia ni haya, kwa Bunge katika marekebisho ya sheria, na kwa Baraza la Madiwani lolote linalotaka kuyapeleka kama sheria ndogo kabla ya hapo:

"Ni marufuku kwa mtu yeyote kuvuta au kushika sigara, kiko, shisha au kifaa kingine cha tumbaku au nikotini kikiwa kimewashwa: (a) mahali popote panapofikiwa na umma au panapofanyiwa kazi, penye paa au ukuta mmoja au zaidi, wa kudumu au wa muda, (b) ndani ya mita 10 kutoka mlango, dirisha au tundu la kuingizia hewa la mahali hapo, (c) ndani ya chombo chochote cha usafiri wa umma, na (d) ndani ya gari lolote alimo mtu wa chini ya umri wa miaka 18, vioo viwe vimefungwa au vimefunguliwa. Hakuna sehemu yoyote iliyotajwa katika aya (a) itakayotengwa kwa ajili ya kuvutia. Mmiliki au msimamizi anayeruhusu, kuacha au kuandaa mazingira ya kuvunjwa kwa kifungu hiki ametenda kosa, na mamlaka iliyompa leseni inaweza kuisimamisha."

Wenu katika kazi,

Wauguzi wa afya ya mama na mtoto, maafisa afya wa kata na mafundi wa hewa ya majengo